Simu haikai na chaji: namna ya kuifanya ifike jioni

Maswali ni yaleyale kila wiki: mbona simu yangu haikai na chaji, ninunue betri, nipakue app gani ya kuokoa chaji, na je, ni kweli simu mpya inatakiwa ichajiwe muda wa saa nane kabla ya kuwashwa? Hapa yanajibiwa kwa vitendo. Mwongozo unalenga zaidi simu za Android za bei ya kawaida, yaani Tecno, Infinix, itel, Redmi na Samsung za safu ya A, kwa kuwa ndizo zilizojaa mifukoni mwa watu Tanzania na Kenya. Mwenye iPhone atatajiwa yake pale inapotofautiana.

Shika jambo moja kabla hujagusa mipangilio. Mtu akisema “simu inakula chaji” anaweza kuwa na tatizo lolote kati ya matatu. Huenda betri ni nzima ila kuna kitu kinaitumia kupita kiasi. Huenda betri imechoka na haibebi tena ilichobeba ikiwa mpya. Au chaji haiingii vizuri: chaja dhaifu, waya mbovu, tundu limejaa vumbi, na wewe unatoka nyumbani ukiwa na 60% kila asubuhi. Dawa ya moja haitibu jingine. Watu wengi hununua betri mpya kwa tatizo ambalo lilikuwa la laini ya simu, kisha wanamlaumu fundi.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu, chaja yake na waya wake.
- Waya wa pili wa kulinganishia. Azima kwa mtu mwenye simu inayochaji haraka.
- Karatasi na kalamu.
- Usiku mmoja au miwili ya kupima, na siku moja ya matumizi yako ya kawaida.
- Kwa Android, app ya AccuBattery. Hii inapima tu, haiahidi kuokoa chochote, na ndiyo sababu inafaa.
- Ukiweza kupata, kipima USB: kidude kinachochomekwa kati ya chaja na waya kikaonyesha volti na ampea. Si lazima, lakini kinamaliza ubishi.

App zinazojiita visafishaji, vipoza simu au madaktari wa betri ziache dukani. Nyingi zinaishi kwa matangazo, na matangazo hayo yanapakuliwa kwa chaji yako.

Hatua ya 1: Pima simu ikiwa imelala

Kabla ya kulala, chaji simu ifike 90% au zaidi. Ichomoe, zima data na Wi-Fi, kisha izime na kuiwasha upya. Andika saa na asilimia. Usiiguse mpaka asubuhi, kisha andika tena.

Kwa simu yenye betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), matokeo ya usiku wa saa saba au nane yasome hivi:

- Imeshuka 1% hadi 4%: simu inalala vizuri. Tatizo lako liko mchana, kwenye kioo na mtandao. Tilia mkazo hatua ya 3 na ya 4.
- Imeshuka 5% hadi 9%: kuna kitu kinaiamsha mara kwa mara, au laini mojawapo haishiki mtandao vizuri.
- Imeshuka 10% au zaidi, na data imezimwa: kuna app inayofanya kazi usiku kucha, au betri yenyewe imechoka.

Usiku wa pili rudia ukiwa umeacha data wazi. Tofauti ya usiku huu na ule ndiyo gharama ya app zinazoongea na mtandao wewe ukiwa usingizini. Ikiwa usiku wa kwanza ulipoteza 3% na wa pili 14%, basi huna haja ya betri mpya. Una haja ya hatua ya 5.

Angalia pia namna chaji ilivyoshuka. Mchoro ulio kwenye mipangilio ya betri ukishuka taratibu kama mteremko, hayo ni matumizi. Ukiwa na ngazi, mathalani 84% halafu ghafla 61%, hapo betri ndiyo inayodanganya, na utaona la kufanya mbele.

Hatua ya 2: Soma orodha ya walaji

Fanya hivi jioni, baada ya siku ya kawaida. Fungua Mipangilio, ingia Betri, kisha Matumizi ya betri. Kwenye simu iliyowekwa Kiingereza utakuta “Settings”, “Battery”, “Battery usage”.

Asilimia zilizo kwenye orodha hiyo husomwa vibaya na wengi. Tuseme pameandikwa TikTok 21%. Hiyo si 21% ya betri nzima, ni 21% ya chaji uliyokwisha kutumia. Kama umetumia 60% ya betri, TikTok imekula karibu 13%. Baadhi ya simu huonyesha hesabu ya betri nzima moja kwa moja, kwa hiyo jumlisha orodha: jumla ikikaribia 100 wakati bado una chaji ya kutosha, unasoma mgawanyo wa kilichotumika.

Sasa gusa jina la app moja moja. Utaona muda ilipokuwa wazi kwenye kioo na muda ilipokuwa inafanya kazi kwa nyuma. App iliyokuwa wazi saa mbili ikala 15% haina kosa, uliitumia mwenyewe. Mkosaji ni ile iliyofunguliwa dakika 6 na ikafanya kazi kwa nyuma saa 4. Andika majina ya walaji watatu wa namna hiyo. Hao ndio utakaowashughulikia, si app zote sabini.

Hatua ya 3: Punguza kazi ya kioo

Kwenye simu nyingi kioo ndicho mlaji wa kwanza, na hapa ndipo utakapoona mabadiliko siku hiyohiyo.

Washa mwangaza unaojirekebisha, halafu ushushe mwenyewe hadi mahali unaposoma bila kukunja macho. Ndani ya nyumba 30% hadi 40% inatosha. Mwangaza wa juu kabisa uwe wa juani tu, na ukirudi kivulini ushushe. Muda wa kioo kujizima weka sekunde 30. Zima saa inayobaki kioo kikiwa kimezimwa, zima pia kioo kujiwasha ukiinyanyua simu, na picha ya nyuma inayotembea iondoe.

Kama simu yako ina kioo cha 90 Hz au 120 Hz, yaani kinachochora picha upya mara 90 au 120 kwa sekunde, irudishe 60 Hz kwenye mipangilio ya skrini. Kurasa hazitateleza kwa ulaini uleule, lakini utaizoea baada ya siku mbili, na akiba yake ni ya kweli hasa kwa mtu anayeperuza mitandao siku nzima.

Kuhusu mandhari meusi kuna maneno mengi. Yanaokoa chaji kwenye kioo cha AMOLED tu, ambacho kila nukta yake hujitolea mwanga na nyeusi ni nukta iliyozimwa. Kwenye kioo cha LCD, ambacho ndicho kiko kwenye simu nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma inawaka vilevile hata ukurasa ukiwa mweusi tititi. Kujua unacho kipi, ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi ijaze kioo, pandisha mwangaza. Ukiona kioo kinang’aa kijivu, ni LCD. Kikizama gizani usikione, ni AMOLED. Na hata kwenye AMOLED usitegemee miujiza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta akiba ya 39% hadi 47% mwangaza ukiwa juu kabisa, lakini 3% hadi 9% tu mwangaza ukiwa 30% hadi 50%.

Hatua ya 4: Angalia mtandao wako

Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi. Simu iliyo karibu na mnara inanong’ona. Iliyo mbali, au iliyo ndani ya jengo la zege na bati, inapaza sauti, na kupaza sauti ni chaji. Ndiyo maana simu ileile inamaliza siku mjini, lakini ukiipeleka kijijini inazima saa tisa alasiri ukiwa hujaigusa.

Pima. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utafute nguvu ya mtandao. Utaona namba yenye alama ya kutoa ikifuatiwa na dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo mzuri. Kwa 4G, -85 ni nzuri sana, -100 inafaa, na ikipita -110 kwenda -120 simu inahangaika. Simama sehemu unayokaa muda mrefu, dukani, ofisini, chumbani, uangalie kila laini peke yake.

Kisha fanya haya:

1. Laini ambayo haishiki mtandao mahali ulipo izime kwenye mipangilio ya SIM. Huna haja ya kuichomoa. Laini ya pili inayotafuta mnara usiku kucha inakula kuliko watu wanavyodhani.
2. Laini ya kupokelea simu na pesa tu haihitaji 4G. Iweke 2G au 3G. SMS na menyu za nyota za M-Pesa au Airtel Money zinafanya kazi vizuri kwenye 2G.
3. Kama simu ina 5G na eneo lako 5G inakuja na kuondoka, chagua 4G. Kuruka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kila baada ya dakika chache ni hasara tupu.
4. Palipo na Wi-Fi nzuri tumia Wi-Fi, kwa kawaida inatumia chaji kidogo kuliko data ya laini.
5. Safarini, kwenye mapori marefu yasiyo na mnara, washa hali ya ndegeni. Muziki uliopakuliwa na picha vinaendelea kufanya kazi.
6. Hotspot izime mara tu mwenzako anapomaliza. Kumgawia mtu bando ni ukarimu, lakini saa moja ya hotspot inashusha chaji kwa kasi na kuichemsha simu.

Onyo: ukishaweka laini kuu 2G usishangae WhatsApp ikisuasua. Na kwenye baadhi ya simu, kubadilisha laini ya data kunarudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa, kwa hiyo hakikisha tena.

Hatua ya 5: Wazuie walaji wa nyuma

Rudi kwenye yale majina matatu. Bonyeza alama ya app kwa muda, ingia taarifa zake, kisha Betri. Android hutoa viwango vitatu: bila kikomo, iliyoboreshwa, na iliyozuiwa. Kwa Kiingereza ni “Unrestricted”, “Optimized” na “Restricted”. Mlaji mwekee kizuizi.

Zinazozuilika bila madhara: michezo, app za kubashiri, maduka ya mtandaoni, za kuhariri picha, za mikopo. Zisizofaa kuzuiwa: WhatsApp, saa ya kengele, app ya kazi kwa dereva wa Bolt au Uber, na app yoyote ambayo taarifa yake lazima ikufikie papo hapo. Kwenye Samsung kuna orodha ya app zinazolala na zinazolala fofofo, na ya pili ni kali zaidi: app iliyomo humo haifanyi kitu mpaka uifungue. Kwenye Tecno na Infinix tafuta Phone Master, sehemu ya kudhibiti app zinazojiwasha zenyewe.

Facebook yenyewe ni nzito. Facebook Lite inafanya karibu kila kitu kwa mzigo mdogo. Na kama unatumia WhatsApp isiyo rasmi, zile zenye rangi na majina ya ziada, iondoe kwanza kabla hujaendelea na jingine lolote. Hakuna anayejua inafanya nini kwa nyuma, na hilo linazidi suala la chaji.

Ndani ya WhatsApp rasmi, ingia mipangilio ya hifadhi na data, ondoa alama kwenye upakuaji wa video na picha kwa data ya simu. Mtu aliye kwenye magrupu ishirini, la familia, la mtaa, la harusi, la kikoba, simu yake inapakua video za salamu za asubuhi kuanzia alfajiri. Hapo utaokoa na bando pia.

Hatua ya 6: Mahali na usawazishaji

Fupi. Ruhusa ya mahali iwe “wakati app inatumika tu” kwa kila app isipokuwa ile unayoitegemea kazini. Akaunti za barua pepe usizotumia ziondoe. Mtetemo wa kila herufi unapoandika uzime. Bluetooth ikiwa wazi bila kuunganishwa inatumia kidogo mno, ukiisahau usijilaumu.

Hatua ya 7: Badili namna unavyochaji

Hatua zilizotangulia zinarefusha siku yako. Hii inarefusha umri wa betri.

Betri za simu za leo ni za lithiamu. Vinavyozichosha ni viwili hasa: joto, na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa au zimeisha kabisa. Chukua mfano wa betri iliyowekwa mwaka mzima bila kutumika. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji 40%, hubaki na takriban 96% ya uwezo wake. Joto lilelile lakini ikiwa imejaa 100%, hubaki na 80% hivi. Ikijaa na kukaa kwenye nyuzi 40, hushuka hadi karibu 65%. Joto na kujaa vikikutana ndipo uharibifu unapokuwa mkubwa.

Kwa hiyo:

1. Anza kuchaji ikiwa 20% hadi 30%, chomoa ikifika 80% au 85% siku za kawaida. Siku ya safari ijaze tu, ndiyo kazi yake.
2. Washa ukomo wa chaji kama simu unao. Samsung nyingi zinao kwenye sehemu ya kulinda betri, iPhone 15 na za baadaye zina ukomo wa 80%. Simu nyingine zina chaji inayojifunza saa yako ya kuamka.
3. Chaji ikiwa kivulini, juu ya meza au sakafu. Isiwe chini ya mto wala juu ya godoro. Kava nene livue.
4. Usicheze mchezo mzito wala kupiga simu ya video huku inachaji. Simu nyingi hupunguza au kusimamisha chaji betri ikifika karibu nyuzi 45, ndipo unaona asilimia zimeganda.
5. Umeme ukikatika chomoa chaja. Ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, maana mara nyingi unarudi ukipanda na kushuka.
6. Mwenye sola ndogo ya kuchomeka moja kwa moja asiilaze simu juani pembeni ya paneli. Chaji pawabenki mchana, simu ichaji usiku kutoka kwenye pawabenki. Wingu likipita, pawabenki halina habari, ila simu huanza na kukata kila mara.

Chaji fupi fupi hazina ubaya. Mzunguko mmoja wa betri ni jumla ya 100% iliyotumika: ukitumia 50% leo na 50% kesho, huo ni mmoja. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na 80% ya uwezo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 na kuendelea baada ya 1,000, kwa matumizi yanayofaa. Apple hiyohiyo inataka iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda saa saba mchana, ramani imewashwa, mwangaza juu, waya wa chaji umechomekwa, inapita hapo kirahisi sana. Dereva mwenye kazi hiyo achaji kwenye vituo vya kivulini na aiwekee simu kofia.

Hatua ya 8: Hakikisha chaji inaingia

Soma maandishi madogo ya chaja, pale palipo na neno “Output”. Zidisha volti kwa ampea upate wati. 5V na 1A ni wati 5, na betri ya mAh 5000 itachukua zaidi ya saa tano kujaa. 5V na 2A ni wati 10, saa mbili na nusu hadi tatu. Wati 18 ni saa mbili hivi. Tundu la kawaida la kompyuta la USB 2.0 hutoa nusu ampea, kwa hiyo hapo utalala na kuamka.

Kama una kipima USB, simu ikiwa na 30% kisomeke karibu ampea 1.5 hadi 2 kwa chaja ya wati 10. Kikisoma 0.4, badilisha waya kwanza. Kikipanda hadi 1.8 kwa waya wa kuazima, umeshapata jibu kwa bei ya waya. Nyaya za mita tatu za bei ya kutupa hupoteza nguvu njiani, na zile zisizo na nyaya za data ndani haziwezi kuamsha chaji ya haraka.

Waya ukicheza kwenye tundu au ukichaji mpaka uupinde, zima simu, angalia ndani kwa tochi. Kuna uchafu wa mfukoni uliogandamana chini. Utoe kwa kijiti cha meno cha mbao, polepole, bila maji. Sindano na pini ziache, zinaunganisha vyuma visivyotakiwa kukutana.

Hatua ya 9: Pima upya

Siku tatu baadaye rudia kipimo cha usiku na usome tena orodha ya walaji. Ukibadilisha kila kitu siku moja bila kupima hutajua kilichosaidia, na mabadiliko yote yanayokera utayavumilia bure.

Makosa yanayojirudia

Kufuta app zote kwenye orodha ya za karibuni kila baada ya dakika kumi. App iliyolala haitumii chaji ya maana, kuiua na kuifungua upya ndiko kunakotumia. Futa ile iliyoganda tu.

Kuchaji simu mpya muda wa saa nane. Huo ulikuwa utaratibu wa betri za nikeli. Simu mpya itumie moja kwa moja.

Kuimaliza mpaka 0% kila siku ili “kuifanyia mazoezi”. Unaichosha.

Kuiweka kwenye friji ikichemka. Unyevu wa hewa unageuka maji ndani ya simu. Izime, vua kava, iache kwenye upepo.

Kupeleka betri iliyokufa “ikabustiwe” kwa umeme wa moja kwa moja. Betri ya lithiamu iliyoshuka volti kupita kiasi ikilazimishwa inaweza kupata shoti ndani na kuwaka moto siku za baadaye, ukiwa umeisahau.

Ukikwama

*Inazima ikiwa na 20% au 30%, hasa ukifungua kamera au ukipiga simu.* Betri iliyochoka volti yake huanguka inapodaiwa nguvu nyingi kwa ghafla. Jaribu kurekebisha usomaji mara moja tu: itumie mpaka ijizime, ichaji bila kukatiza mpaka 100%, iache kwenye chaja saa moja zaidi, iwashe upya. Hii inasahihisha namba, haiongezi uwezo. Tatizo likirudi, ni betri mpya.

*Nitajuaje betri imechoka?* iPhone inaonyesha kwenye sehemu ya afya ya betri, na chini ya 80% ni wakati wa kubadilisha. Samsung tumia vipimo vya app ya Samsung Members. Android nyingine, chaji ukiwa na AccuBattery kutoka chini ya 20% hadi juu, mara nne au tano, ndipo uamini makadirio yake. Hakikisha uwezo wa kiwandani ilioandika ni sahihi. Ikikwambia umebaki na mAh 3,400 kati ya 5,000, hakuna mpangilio utakaorudisha zilizopotea.

*Inachemka mfukoni bila kutumika.* Angalia orodha ya walaji hapohapo. Kama kuna app uliyoiweka kutoka nje ya Play Store, anza nayo. Matangazo yanayotokea juu ya kioo kilichofungwa ni dalili nyingine ya app ya namna hiyo.

*Imeanza baada ya sasisho la mfumo.* Ipe siku mbili, simu inapanga upya mafaili. Baada ya hapo sasisha app zote na uwashe upya.

*Ujumbe wa WhatsApp hauingii mpaka niifungue.* Umeizuia, au kiokoa betri kimewashwa muda wote. Iweke “bila kikomo”.

*Kioo kinanyanyuka pembeni au mgongo umetuna.* Betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Ipeleke kwa fundi, njiani isikae kwenye mfuko uliobana. Kwenye simu ya betri ya kutoa, ilaze betri mezani na uizungushe kwa kidole: nzima inakwaruza na kusimama, iliyovimba inazunguka kama pia.

Ukiamua kununua betri

Nenda na namba ya betri yenyewe, siyo jina la simu pekee, maana simu mbili za jina linalofanana hutofautiana. Za Tecno, Infinix na itel mara nyingi huanza na BL-, za Samsung EB-. Ilinganishe na ya zamani kwa namba, umbo na kichomekeo. Betri ya umbo lilelile iliyoandikwa mAh 8000 mahali pa mAh 5000 ni ya uongo, nafasi ya kubebea haipo. Omba fundi aipashe joto gundi badala ya kuifyatua ya zamani kwa bisibisi ya chuma. Kubaliana naye dhamana kwa maandishi, na ujue kwamba simu iliyofunguliwa haizuii tena maji kama mwanzo.

Wapo ambao, baada ya vipimo vyote, betri ni nzima ila kazi yao ni ya kioo na mtandao kutwa, mawakala, madereva, wauzaji wa mtandaoni. Hao wanunue pawabenki, na wasome namba yake vizuri. mAh 10,000 zilizoandikwa ni za seli za ndani kwenye volti 3.7. Zikipandishwa hadi volti 5 na sehemu kupotea kama joto, simu inapata kama 6,000 hadi 6,500. Hiyo ni kuijaza betri ya mAh 5000 mara moja na kidogo, siyo mara mbili. Nyingi zina namba hiyo ya pili kwa herufi ndogo mgongoni. Ya mAh 20,000 ni saa-wati 74 (huandikwa Wh, ni kipimo cha nishati), iko chini ya ukomo wa 100 unaotumiwa na mashirika ya ndege, lakini inapanda na wewe kwenye begi la mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini.